Siku 286 angani, posho dola tano kwa siku

Machi 18, 2025, Suni Williams na Butch Wilmore walitua baharini, karibu na pwani ya Florida, wakitokea Kituo cha Kimataifa cha Anga. Safari yao ilipangwa kuchukua siku nane hivi. Lakini Starliner, chombo cha kampuni ya Boeing kilichowapeleka Juni 2024, kilivuja heliamu na baadhi ya injini zake ndogo zikagoma. Kikarudishwa kitupu, nao wakabaki juu hadi walipopata nafasi kwenye chombo cha SpaceX. Siku nane zikawa 286.

Waliporudi, watu waliuliza hali zao, kisha wakauliza mifuko yao. Wamelipwa saa za ziada? Hapana. Hakuna malipo ya ziada ya Jumapili wala ya sikukuu, ingawa Krismasi iliwakuta huko huko. Kila mmoja alipata mshahara wake wa kawaida na posho ya matumizi madogo madogo, dola tano kwa siku. Jumla yake ni dola 1,430. Rais Donald Trump alipoulizwa alisema hakuwa na habari hizo, na kwamba ikibidi angewalipa kutoka mfukoni mwake.

Aliyewahi kufanya kazi serikalini hatashangaa sana. NASA ni taasisi ya serikali ya Marekani, na mwanaanga wake ni mtumishi wa umma kama wengine. Tangazo la ajira la mwaka 2024 lilitaja mshahara wa dola 152,258 kwa mwaka. Mwanajeshi aliye kazini huazimwa tu, na mshahara na likizo yake hubaki jeshini. Akiruka, kwenye makaratasi yuko safari ya kikazi, sawa na ofisa aliyetumwa kukagua hesabu mkoa wa jirani. Kwa kanuni zao, posho ya safari hufidia gharama, haimtuzi mtu kwa ugumu wa kazi. Usafiri ni wa serikali, malazi na chakula pia. Kilichosalia ni zile dola tano, ambazo ofisa aliyefikia hotelini angempa mbeba mizigo.

Kama wangelipwa kwa umbali, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Williams na Wilmore waliizunguka Dunia mara 4,576, mwendo wa zaidi ya maili milioni 121. Mwaka 2025 mtumishi wa serikali ya Marekani aliyetumia gari lake kikazi alirudishiwa senti 70 kwa maili. Kwa kiwango hicho kila mmoja wao angedai zaidi ya dola milioni 84. Bahati mbaya, roketi haikuwa mali yao.

Utaratibu huu wa posho ni wa tangu enzi za Apollo, safari za NASA za kwenda Mwezini. Buzz Aldrin, mtu wa pili kukanyaga Mwezi, aliwahi kuonyesha hadharani hati yake ya madai ya safari ya Julai 1969. Njia imeandikwa bila mbwembwe: Houston, Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, kisha Houston tena. Malipo: dola 33 na senti 31. Hata kodi haikuwasahau wanaanga. Aprili 1970, Jack Swigert aliingizwa kwenye Apollo 13 dakika za mwisho, na akiwa njiani kuelekea Mwezini akakumbuka kwamba hajawasilisha hesabu zake za kodi. Waongozaji walioko Houston waliangua kicheko, kisha wakamjulisha kwamba aliye nje ya nchi huongezewa muda.

Kwenye suala la hatari, kicheko kinaisha. Bima ya maisha kwa mtu anayekwenda Mwezini ilikuwa ghali mno, hivyo kabla ya kuruka, wanaanga wa Apollo 11 walisaini mamia ya bahasha ili familia zao ziziuze iwapo wasingerudi. Wenzao wa Apollo 15 walivuka mpaka mwaka 1971: walibeba bahasha 398 bila idhini, wakiwa wamekubaliana na mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani kulipwa dola 7,000 kila mmoja. Walisema fedha hizo zilikuwa za watoto wao. Walizirudisha, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena.

Wapo wanaosema soko limeshaamua. Zaidi ya watu 8,000 waliomba nafasi kwenye kundi la wanaanga lililotangazwa mwaka 2025, wakachukuliwa kumi. Penye foleni kama hiyo, nani ataongeza dau? Lakini wingi wa waombaji haujibu swali la Starliner. Kanuni ya posho inaangalia nani kalipia chakula na kitanda, haioni siku nane zinapogeuka miezi tisa kwa sababu ya chombo kibovu. Na serikali hiyo hiyo inajua kulipia ugumu wa kazi: mabaharia wa jeshi lake la maji hulipwa nyongeza kwa kukaa baharini, na wa nyambizi wana nyongeza yao ya peke yake, ingawa nao hula na kulala kwa gharama ya serikali. Kinachohitajika ni kifungu kimoja cha aina hiyo kwa wanaoishi angani, kianze kufanya kazi siku safari inapopitiliza tarehe yake, ili rais yeyote asilazimike kugusa mfuko wake.