Sauti za Uani Zifikishwe Barazani

Kila penye kikundi cha taarab pana mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na wengi wasiojulikana. Mwimbaji husimama mbele, akatuzwa, akapigiwa makofi, na kesho yake mji mzima ukamzungumza. Nyuma yake wamekaa waitikiaji; na nyuma ya waitikiaji wapo walioshona sare, waliobeba ala, walionakili mashairi kwa mkono na waliowafundisha wageni mahadhi mapya. Miaka hupita, na miongoni mwa watu hawa wa nyuma hutokea mmoja ambaye, akiwa na umri wa miaka hamsini au sitini, hubainika kwamba sauti yake ilikuwa ikistahiki kusimama mbele siku zote. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo. Je, jamii na Serikali zina wajibu wowote kwake, au wakati wake umekwisha na hana budi kushukuru kwa alichokipata?

Wapo wenzetu, baadhi yao wakiwa na dhamana katika ofisi za umma, wanaolijibu swali hili kwa haraka. Hoja yao ya kwanza ni kuwa fedha za utamaduni ni chache, na kichache kilichopo kiwe cha vijana. Hoja yao ya pili wameifunga katika methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau sauti hiyo ingelikuwa njema, wasema, ingelikwisha kusikika zamani. Hoja hizi zinastahiki kujibiwa kwa mfano, si kwa hamaki.

Mfano wetu tumeuchukua katika kisiwa cha Cuba, kwa sababu mbili. Kwanza, muziki wa huko si mgeni masikioni mwetu. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri zenye alama ya GV ziliueneza muziki wa Cuba hata ukafika Afrika Mashariki, na bendi za dansi zikajifunza kutokana nao. Pili, Cuba ni nchi ambayo Serikali yake iliyashika mambo ya utamaduni kwa mikono miwili. Kwa hiyo mafunzo yake, matamu na machungu, yanawahusu moja kwa moja watendaji wa Serikali.

Ibrahim Ferrer alizaliwa tarehe 20 Februari, 1927, huko San Luis, karibu na mji wa Santiago de Cuba. Yasemekana kwamba uchungu ulimshika mama yake akiwa dansini. Mtoto alipofika umri wa miaka 12 mama huyo alifariki dunia, naye akaachwa auze peremende na bisi mitaani ili apate riziki. Baadaye akaingia katika uimbaji. Katika miaka ya 1950 aliimba na okestra ya Chepín-Chovén, kisha akafuatana na mwimbaji Pacho Alonso, ambaye kikundi chake kilikuja kuitwa Los Bocucos. Sifa ya kikundi ilikuwa ya Pacho Alonso. Ferrer alikuwa mwitikiaji. Alipopewa nafasi ya kusogea mbele, alipewa nyimbo za kasi za kuwachezesha watu. Alichokitamani yeye ni bolero, wimbo wa taratibu wa mapenzi, ambao mwimbaji hupimwa kwa namna anavyolitamka neno na kulipa haki yake. Aliambiwa kuwa sauti yake haifai kwa bolero. Basi akaendelea kuitikia, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipostaafu mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 64. Pencheni haikumtosha, akawa anaongezea kwa kung'arisha viatu mjini Havana.

Hapa tunawaomba wenye methali yao wasimame kidogo. Mtu huyu alikuwamo katika kazi ya muziki kwa miaka hamsini. Hakuwa mafichoni. Alikuwa jukwaani, hatua chache nyuma ya mwimbaji, na kila aliyekuja kumsikiliza mwimbaji alimsikia na yeye. Ikiwa chema chajiuza chenyewe, sauti hii ilipata miaka hamsini ya kujiuza, na mwisho wake ulikuwa kopo la rangi ya viatu.

Kilichoibadilisha hali yake kilitokea mwezi wa Machi, 1996. Mtayarishaji wa rikodi kutoka Uingereza, Nick Gold, pamoja na mpiga gitaa wa Marekani, Ry Cooder, walikuwa wamepanga kuwakutanisha Havana wanamuziki wa Mali na wale wa Cuba. Watu wa Mali hawakuweza kufika. Studio ya EGREM, ambayo ni shirika la Serikali, ilikwisha kukodiwa, na wageni wamekaa hawana la kufanya. Lakini palikuwapo mwananchi mmoja, Juan de Marcos González, mwanamuziki na mtoto wa mwimbaji, ambaye kwa muda alikuwa akiwakusanya wazee wa muziki wa zamani kwa rikodi yake mwenyewe. Yeye alijua wanakaa wapi. Ilipohitajika sauti laini ya kuimba bolero, hakutoa tangazo, alikwenda kumtafuta Ferrer. Mzee kwanza alikataa, kwa kuwa alikuwa amekwisha choka na mambo ya muziki. Mwishowe akakubali kufuatana naye. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Rikodi iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la Buena Vista Social Club ilinunuliwa kwa mamilioni katika pembe zote za dunia, na mwaka 1998 ikapata tuzo ya Grammy huko Marekani. Mwaka 1999 Ferrer alitoa sahani iliyobeba jina lake mwenyewe, na humo akaziimba zile bolero alizonyimwa. Mwezi wa Septemba, 2000, katika tuzo za Grammy za muziki wa Kilatini, alitangazwa kuwa msanii mpya bora. Msanii huyo mpya alikuwa na umri wa miaka 73. Mwaka 2004 alishinda tena Grammy, ila safari hii Marekani ilimnyima viza na hakuweza kwenda kuipokea. Tarehe 6 Agosti, 2005, akafariki dunia mjini Havana.

Wala Ferrer hakuwa peke yake. Mwenzake katika rikodi ile, Compay Segundo, aliyezaliwa mwaka 1907, alilipata jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuimba sauti ya pili, ile nzito ya chini inayomshikilia mwimbaji wa kwanza. Kwa miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha biri za Havana. Wimbo uliofungua rikodi ile, "Chan Chan", ni utungo wake wa miaka ya 1980, alipokuwa amekwisha pita umri wa miaka sabini. Nao ulipoenea duniani alikuwa anakaribia tisini.

Sasa tuyatazame mafunzo, na tuyatazame kwa uadilifu. Serikali ya Cuba ilijenga skuli za muziki, ikamiliki studio, ikawalipa wanamuziki mishahara, na walipozeeka ikawapa pencheni. Nchi nyingi zilizo tajiri kuliko Cuba hazikuwatendea hayo wanamuziki wao. Hata hivyo, Serikali hiyo hiyo iliyokuwa ikimlipa Ferrer pencheni haikupata kumuuliza kama bado anaimba. Kwa hesabu za ofisi alikuwa mstaafu, na mstaafu huhesabiwa pencheni yake, haulizwi sauti yake. Studio ilikuwapo, mikrofoni ilikuwapo, na mzee alikuwapo katika mji huo huo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kubisha hodi. Na alipopatikana, alipatikana kwa sababu mipango ya watu wengine iliharibika. Nchi haiwezi kuilinda hazina yake kwa kutegemea mipango ya wengine iharibike.

Nasi hapa Visiwani hatukosi ushahidi wetu. Siti binti Saad alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akifinyanga na kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa tayari ni mtu mzima, na ndipo alipojifunza na kuanza kuimba mbele za watu. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri alikuwa na umri wa miaka 48. Laiti angelikuwapo afisa wa kumwambia kwamba nafasi ni za vijana, leo tungelikuwa tunasimulia historia gani ya taarab?

Na yupo Fatuma binti Baraka, ambaye sote twamjua kwa jina la Bi Kidude. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa ya uani khasa, kwani alikuwa somo na mpiga ngoma za unyago, ngoma ambazo wanaume hawaruhusiwi kuzihudhuria. Taarab aliiimba tangu ujanani, lakini dunia ilikuja kumjua akiwa bibi kizee. Tuzo ya WOMEX alikabidhiwa mwaka 2005 mjini Newcastle, Uingereza. Alipofariki tarehe 17 Aprili, 2013, habari zake zilitangazwa na vyombo vya mabara yote. Wazee wetu walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hatuna budi kujiuliza kwa nini basi tuzo za wachezaji wetu hutufikia kwa ndege.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi hadharani, nalo ni haya. Mzee wa kiume akishika udi au kinanda, watu humwita fundi. Mama wa umri wa miaka sitini akishika kipaza sauti, watoto wake wenyewe huambiwa wamzuie, asije akawavunjia heshima. Twasema wazi kwamba hapana aibu katika sauti iliyotunzwa kwa adabu mpaka uzeeni. Aliyesoma chuoni anajua kuwa kila kipaji ni amana, na mwenye amana hulaumiwa kwa kuificha, halaumiwi kwa kuitoa. Mama huyu amelea, ametumikia kikundi na amewapisha wengine kwa miaka thelathini. Akitaka miaka yake iliyobaki aimbe, huo si utovu wa adabu, ni haki yake.

Hatusemi kwamba kila mzee apewe jukwaa kwa kuwa ni mzee. Huo ungekuwa ufadhili, na sanaa haijengwi kwa ufadhili. Wasikilizwe na wenye kujua, na asiyefaa aambiwe. Wala hatusemi vijana wapunguziwe. Kijana anayejifunza udi leo anahitaji kumsikia mtu aliyeyashika mahadhi kabla yeye hajazaliwa. Kumrikodi mzee ni kumsomesha kijana.

Mambo tunayoyapendekeza hayahitaji fedha nyingi. Mwezi wa Aprili, 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ili mpango huo uwezekane ilibidi wazee waandikishwe, shehia kwa shehia, Unguja na Pemba. Huo ndio ujuzi aliokuwa nao Juan de Marcos González, nao ni kujua mzee gani anakaa wapi. Kwa mzee liongezwe swali moja tu: je, uliwahi kuimba, kuitikia, kupiga ala au kutunga? Masheha wanaweza kulifanya hilo bila ya semina wala posho.

Majina yakipatikana, Shirika la Utangazaji la Zanzibar liyachukue. Redio yetu ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, na jina hilo lina deni ndani yake. Itengwe siku katika kila mwezi ya kuwarikodi wazee, na gari lifuate walipo, kwani mzee wa Makunduchi au wa Konde hawezi kutakiwa ajilipie nauli ili aitumikie nchi. Vikundi vyetu navyo, kuanzia Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 hadi vile vilivyoundwa juzi, viandike katika kila rikodi majina ya waitikiaji wote, si la mwimbaji peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda msanii, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na mzee atakayerikodiwa alipwe, asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa, na abakiwe na nakala yake mkononi.

Wahenga walituusia: kawia ufike. Ferrer alikawia, na alifika. Lakini kutoka siku alipoingia studio mpaka siku alipozikwa ilikuwa miaka tisa tu. Hiyo ndiyo akiba aliyobakiziwa baada ya nusu karne ya kuitikia. Wapo miongoni mwetu leo, katika Ng'ambo na Wete, katika Jambiani na Mkoani, ambao akiba yao ni ndogo kuliko hiyo. Tunawaomba waheshimiwa wenye dhamana ya utamaduni wasisubiri wageni wapungukiwe na wanamuziki ndipo waulizie nani yuko uani. Mlango wanaujua. Waende wabishe hodi sasa, maadamu yupo wa kuitikia.