Kufaidi Jiji Katika Januari

Kila mwaka, ikifika wiki ya pili ya Januari, watu wanaokuja kuniona kwa ushauri huongezeka, na malalamiko yao hufanana. Usingizi haupo. Kichwa kinagonga tangu alfajiri. Mtu anamfokea mtoto kwa kosa dogo, kisha anajuta usiku kucha. Ukiuliza kulikoni, jibu unalijua kabla halijatoka: sikukuu zimemaliza akiba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, watoto wanafungua shule, na mshahara wa mwisho uliingia kabla ya Krismasi. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu vinanunuliwa kama zamani. Juu ya hayo kuna joto la Dar es Salaam, ambalo mwezi huu hupanda hadi nyuzi 32, na unyevu wake haukuachi hata usiku wa manane.

Leo siandiki habari za kutafuta hela. Naandika habari za raha ndogo ndogo, na najua neno hilo linaweza kuudhi. Mtu anayedaiwa ukimwambia atafute raha, ana haki ya kuona unamdhihaki. Ningekuwa naamini kwamba raha ni pambo la wenye nafasi, ningenyamaza. Lakini miaka niliyokaa na watu waliolemewa imenifundisha kwamba mwenye mwezi mgumu ndiye anayeihitaji zaidi, na sababu ni ya kitaalamu kabisa.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Waliwapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, mara mbili: kwanza kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu na madeni yamejaa, kisha baada ya mavuno, hela ikiwa mkononi. Watu ni wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika mafumbo ya kupima fikra na umakini. Watafiti hao wanaeleza kwamba akili zao hazikuwa zimepungua. Zilikuwa zimekaliwa. Deni likishaingia kichwani linachukua nafasi ya mambo mengine, na kinachobaki cha kufikiria kazi, watoto au hata njia ya kulilipa deni lenyewe ni kidogo.

Mwili nao una lake. Ukihisi hatari, unamwaga homoni ya kotisoli, moyo unakwenda mbio, macho na masikio yanabanana kwenye kile kinachotisha. Kwa mtu aliyekutana na nyoka, huo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba nyoka huondoka baada ya dakika mbili, ila kodi ya pango inaweza kukaa mbele yako wiki tano. Wiki zote hizo unapita mjini huoni kitu. Mti wa mkrismasi pale kituoni umemwaga maua mekundu hadi lami imegeuka zulia, nawe umesimama juu yake unahesabu.

Hapo ndipo kazi ya Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, inapotusaidia. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake waliandaa orodha ya mambo 320 yanayoweza kumpendeza mtu, wakawauliza watu ni mara ngapi wameyafanya na yaliwapa raha kiasi gani. Walichokiona, hata mimi nakiona kila Januari. Aliyelemewa huacha kwanza yale yaliyokuwa yakimpendeza: mazoezi ya kwaya, drafti barazani, kwenda kumsalimia shangazi Jumapili. Kwa kuyaacha, moyo unazidi kuzama; ukizama, anaacha mengine. Tiba iliyotokana na mawazo hayo inaanzia kwenye matendo. Hatumngojei mtu achangamke ndipo atoke nyumbani. Anatoka hivyo hivyo na uzito wake, na moyo unamfuata taratibu.

Ila kutoka peke yake hakutoshi, na hapa Kiswahili kimetutangulia. Wanasaikolojia Fred Bryant na Joseph Veroff walitoa kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu uwezo wa mtu kukitambua kitu kizuri wakati kinapotokea na kukaa nacho kidogo kabla hakijapita. Sisi tuna neno: kufaidi. Mtoto akipewa embe akalila hadi kokwa likawa jeupe, tunasema amefaidi. Aliyelimeza haraka akikimbilia kwenye mchezo amekula, lakini hajafaidi. Nalipenda neno hili kwa sababu ni ndugu wa faida. Waliotuachia lugha hawakuitenga raha na manufaa.

Bryant na Veroff walijaribu jambo rahisi. Waliwaomba watu watembee dakika 20 kila siku kwa wiki moja. Kundi moja liliambiwa litazame mazuri ya njiani na kujiuliza kwa nini yanapendeza. La pili litazame mabaya. La tatu litembee tu. Wiki ilipoisha, waliotazama mazuri ndio waliosema furaha yao imeongezeka zaidi. Waliofaidi ndio waliofaidika.

Nitatoa mfano wangu. Januari moja nilikuwa nadaiwa kodi, na viatu vya shule vya mwanangu vilikuwa vimembana hadi anavivaa kwa kukanyaga visigino. Nilikuwa natoka Kariakoo baada ya magharibi, nikapita kwenye baraza moja ya kahawa. Kijana muuzaji alinisalimia shikamoo, akamimina kutoka kwenye dele lake la bati lenye mkaa chini. Nilikipiga kikombe kwa mara moja nikiwa wima, macho kwenye simu. Akaniangalia. “Mzee wangu, kahawa haikimbizwi hivyo. Kaa kwanza.”

Nikakaa. Akanipa kashata ya karanga na kikombe cha pili. Mara hii niliona kwamba kikombe chenyewe ni kidogo, hakifiki hata nusu ya ngumi, na kimechibuka ukingoni. Kahawa ilikuwa chungu, yenye tangawizi iliyopanda hadi puani, na kashata ikifuata juu yake ulimi unapoa. Pembeni wazee wawili walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja alikula vitatu kwa mpigo, baraza nzima ikapiga kelele. Nikajikuta nimecheka. Nilikuwa sijacheka tangu Mwaka Mpya.

Deni halikupungua hata shilingi. Lakini nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau wiki nzima: mwenye nyumba wangu aliwahi kumkubalia mpangaji mwingine alipe miezi mitatu mitatu. Asubuhi nilikwenda kumwomba. Mwanasaikolojia Barbara Fredrickson amekuwa akieleza tangu mwaka 1998 kwamba hisia nzuri, hata za muda mfupi, hupanua upeo wa fikra kama vile hofu inavyoubana. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Siku ile niliyaelewa.

Watu huniuliza waanzie wapi, maana jiji ni kelele na foleni. Mimi huwapeleka Magogoni, kwenye kivuko. Nauli ya kivuko hadi Kigamboni kwa mtembea kwa miguu haifikii bei ya soda. Panda jioni, usikae ndani, simama ukingoni. Januari kuna upepo wa kaskazi, ule ule uliowaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi na majahazi yao, na ukikupiga usoni baada ya joto la mchana unahisi jasho linakauka shingoni. Safari ni ya dakika chache tu. Ukifika, unaweza kugeuza na kurudi.

Kama uko mbali na maji, huu ni msimu wa maembe. Nunua dodo moja badala ya mafungu, kaa chini na mtu mlile, mlisifie kwa sauti. Kumwambia mwenzako “hili limeiva vizuri” si porojo; kushirikisha wengine ni mojawapo ya njia ambazo Bryant na Veroff wanazitaja za kurefusha raha. Badilisha pia, kwa sababu ubongo huzoea upesi. Kahawa ya kila siku mahali pale pale, baada ya wiki mbili huioni tena.

Mambo mawili sitayaita raha. La kwanza ni kununua kwa mkopo wa simu ili kujiliwaza, kwa kuwa kesho yake umeongeza kile kile kinachokunyima usingizi. La pili ni kuperuzi simu kitandani hadi saa saba usiku. Wengi huniambia wanapumzika hivyo. Nikiwauliza wametazama nini, hawakumbuki hata kimoja.

Kuna pia ambao haya yote hayatawagusa, nao nawaomba wasijilaumu. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hakuna kinachokupendeza, embe halina ladha, mtoto akikuchekea moyo haushtuki, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na una tiba. Nenda hospitali. Huna haja ya kutafuta maneno makubwa ukifika kwa daktari. Mwambie tu, “Siku hizi sifaidi kitu.” Kisha mwambie tangu lini.