BARAFU YA ULAYA NA LAMBO LETU



Safari hii tunataka tuzungumze juu ya dawa ya kuondoa barafu kwenye ndege. Najua mtatuuliza: barafu na Taru, wapi na wapi? Hapa kwetu ni jua tupu. Lakini tusikilizane, maana dawa hiyo ina nduguye, na huyo nduguye anapita mlangoni petu kila siku.

Tuanze na Ulaya. Kati ya Desemba na Februari, watalii wanapokimbilia Diani kuota jua, ndege huko kwao hunyeshewa theluji, na barafu hushika kwenye mabawa. Bawa huinua ndege kwa sababu hewa hupita juu yake vizuri. Likishika barafu, hata iliyo nyembamba, hewa inavurugika na ndege inashindwa kupaa. Tarehe 13 Januari 1982, ndege ya Air Florida iliyoruka na barafu mabawani iligonga daraja na kuanguka katika mto Potomac, mjini Washington, Marekani. Watu 78 walikufa, wakiwemo wanne waliokuwa kwenye magari yao darajani.

Basi kabla ya kuruka, ndege hunyunyiziwa maji moto yaliyochanganywa na glaikoli, kemikali inayozuia maji yasigande. Ndege kubwa, theluji ikizidi, yaweza kumaliza maelfu ya lita, na gharama ikafika maelfu ya dola kwa safari moja tu. Ni ghali, lakini roho za watu ni ghali zaidi.

Je, ikishamwagika inakwenda wapi? Vijidudu vya majini huila, na katika kuila humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi na maji huanza kunuka. Ndiyo maana uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, hukusanya maji hayo, huyasafisha, na glaikoli hutumika tena.

Sasa turudi nyumbani. Glaikoli ziko za aina mbili kuu. Ile ya propilini sumu yake ni ndogo, na viwanja vingi hutumia hiyo. Ile ya ethilini ni sumu kali, nayo imo katika dawa nyingi zinazotiwa kwenye rejeta za magari. Kwetu hapa haina kazi ya barafu. Inazuia maji ya rejeta yasichemke upesi na injini isishike kutu.

Malori ya barabara ya Mombasa–Nairobi yanapita Samburu, Taru na Mackinnon Road usiku na mchana. Lori likiharibika, rejeta hufunguliwa na maji yake humwagwa pale pale chini. Mvua ikija, yote huteremka na mitaro, na mitaro yetu mingine inaingia kwenye malambo.

Ubaya wa dawa hii ni kwamba ni tamu, na rangi yake ni kijani au nyekundu kama sharubati. Mbuzi hajui, mbwa hajui, na mtoto hajui. Aliyekunywa huanza kama mlevi, anatapika, kisha figo zinaharibika. Anaweza kufa.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Fundi au dereva anayefungua rejeta akinge kwa karai, asimwage chini, na ayaweke mbali na maji na mifugo.

2. Mtungi uliokuwa na dawa ya rejeta usitiwe maji ya kunywa, hata ukioshwa mara kumi.

3. Kamati ya lambo ikague mitaro kabla ya mvua. Mtaro unaotoka penye gereji au maegesho ya malori ugeuzwe.

4. Mtu akinywa, akimbizwe hospitali mara moja, msingoje dalili. Bebeni na chupa yenyewe, daktari aione.

Tunakumbuka katika Mwanzo 26 jinsi Wafilisti walivyofukia visima alivyochimba Ibrahimu, na Isaka akavichimba upya. Lambo letu tumelichimba kwa jasho, kina mama wakibeba mchanga kwa karai. Haitafaa tulifukie wenyewe kwa sumu, tena bila kujua. Wenzetu wa Ulaya wanakinga maji ya ndege zao wasiharibu mito yao. Sisi nasi tukinge ya malori. Lizungumzeni jambo hili katika jumuiya zenu, na madereva waliomo kanisani tunawaomba wawaambie wenzao barabarani.