Utatu si Idadi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye umoja. Leo ni zamu ya utatu, neno ambalo huku Bukoba na Muleba tunalisikia zaidi kanisani. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, lakini mzizi wa neno lenyewe, -tatu, ni wa kale kuliko misheni yoyote.

Msikilize Mhaya akihesabu: abantu bashatu, ente ishatu. Ukivuka Mutukula, Mganda atakwambia abantu basatu. Nenda hadi kwa Wazulu, utaukuta -thathu. Ni mzizi mmoja wa Kibantu uliosambaa pamoja na wasemaji wake. Kiswahili kiliziacha sita, saba na tisa za Kibantu kikachukua za Kiarabu, wakati Mhaya bado anasema mukaaga, mushanju na mwenda. Tatu haikubanduka. Kiarabu kilituletea theluthi na thelathini, basi.

Kazi kubwa iko kwenye kiambishi u-. Watatu ni idadi, utatu ni hali. Abiria watatu waliobanana kwenye kiti kimoja cha Hiace ya Muleba ni watatu tu: mmoja akishuka Muhutwe, wawili wanaendelea na safari, tena kwa nafasi. Mafiga je? Ondoa moja, chungu kinapinduka na ndizi zinamwagika majivuni. Hapo ndipo penye utatu. Ndiyo maana CCM, ilipotaka wapiga kura wachague rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, ilizungumza kwa lugha ya mafiga matatu, na kila aliyewahi kupika kwa kuni akaelewa.

Wanateolojia walipita njia hiyohiyo. Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kutumia neno la Kilatini trinitas kwa Mungu, karibu na mwaka 200. Nalo limetokana na tatu, likageuzwa kuwa jina la hali. Kwa hiyo waliosema Utatu Mtakatifu kwa Kiswahili hawakukopa neno. Waliunda lao kwa vifaa vya nyumbani, na naona walifanya vizuri sana.

Watu wa kazi nao wana utatu wao: serikali, waajiri na wafanyakazi, mpango ulio ndani ya Shirika la Kazi Duniani tangu lilipoanzishwa mwaka 1919. Upande mmoja ukisusa kikao, waliobaki ni wawili wanaozungumza, na jina halifai tena.

Juma lijalo: Jumatatu, na kwa nini hesabu ya siku inaanzia Jumamosi.