Lancaster Mezani: Kipimo cha 1/72 na Mambo Kisichoyapima

Avro Lancaster, ndege nzito ya mabomu ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na mita 31 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya la pili. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 43. Airfix ilitoa modeli yake ya kwanza ya Lancaster kwa kipimo hicho mwaka 1958, na hadi leo ndicho wapenzi wengi wa modeli huanza nacho, kwa kuwa ndege yenye injini nne bado inaenea kwenye rafu ya kawaida.

Lakini kugawa kwa 72 kunafaa kwa urefu peke yake. Ndege halisi ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 16. Kitu kikipunguzwa mara 72 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, uzito wake unashuka zaidi ya mara 370,000, kwa hiyo Lancaster hiyo ya mezani ingepaswa kuwa na gramu 45 hivi. Plastiki haiwezi kufika huko. Ndege ilivikwa bati jembamba la alumini, ilhali plastiki yenye unene wa milimita moja tu ni sawa na ukuta wa sentimita 7. Ndiyo maana fundi mzuri husugua kingo za nyuma za mabawa kwa msasa, upande wa ndani, kabla ya kubandika nusu ya juu na ya chini. Asipofanya hivyo, bawa linaonekana kama ubao. Hata mifereji inayoonyesha maungio ya mabati hudanganya: mfereji wa robo ya milimita ungekuwa ufa wa karibu sentimita 2 kwenye ndege yenyewe. Ukiujaza rangi nyeusi tii, umeiharibu modeli.

Rangi sitaizungumzia sana. Juu kahawia na kijani, chini nyeusi kwa ajili ya usiku, na michirizi ya kijivu kwenye mabawa nyuma ya injini za Merlin, kwa sababu petroli yao ilikuwa na risasi.

Kazi inayostahili muda wako iko kwenye kibanda cha mkiani. Kwenye modeli ni kipande cha plastiki angavu kisichozidi tonge moja dogo la ugali. Usikibandike kwa supagluu, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kwa urahisi; gundi nyeupe ya mbao inatosha na hukauka bila kuonekana. Kisha fikiria nani alikaa humo. Askari mmoja, peke yake, mbali na wenzake sita, akiwa na bunduki nne za Browning, saa nyingi gizani kwenye baridi kali chini ya sifuri. Wengi waliondoa kabisa kioo cha mbele ili waone vizuri ndege za adui zikija, wakakubali kupigwa na upepo. Parashuti yake haikuenea kibandani. Ilitundikwa nje, nyuma ya milango. Ndege ikiwaka moto, ilibidi afungue milango, aivute, aivae, ndipo aruke. Katika Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, kati ya watu wapatao 125,000 walioruka vitani, walikufa 55,573. Ukitaka modeli yako iseme kweli, kata kile kioo cha mbele.

Jambo la pili ni tumbo la ndege. Maboksi mengi ya modeli huonyesha shambulio la mabwawa ya Ujerumani la Mei 1943, ambako ndege 19 ziliondoka na 8 hazikurudi. Hilo lilikuwa tukio la pekee. Usiku wa kawaida Lancaster ilibeba bomu moja lenye umbo la pipa, la kilo 1,800, pamoja na mamia ya vijiti vya magnesi vya kuwasha moto. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake: pipa lilivunja madirisha na kung'oa mapaa ya nyumba, vijiti vikaangukia ndani na kuwasha mbao na samani zilizokuwa sasa wazi. Hamburg, Julai 1943, mchanganyiko wa aina hiyo uliua zaidi ya watu 30,000, wengi wao raia.

Modeli nyingi hukuachia uchague: milango ya tumbo ifunguliwe au ifungwe. Ikifungwa, ndege inapendeza zaidi, na mstari wake wa chini unanyooka. Mimi nasema ifungue. Paka ndani rangi, panga lile pipa la sentimita 4 katikati, makasha ya vijiti yalitangulie na kulifuata, kwa sababu ndege hii iliundwa kuzunguka nafasi hiyo ya mita 10. Injini, mabawa na vibanda vya bunduki vyote vilikuwepo ili shehena hiyo ifike juu ya mji.