Mzazi na Chama cha Wazazi

Wazazi wengi wa Kitengela huuliza kama yawafaa kujiunga na Chama cha Wazazi cha shule ya watoto wao, na jawabu la sheria, ambalo aghalabu halijawafikia, ni kwamba wamekwisha kujiunga. Kwani Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika jedwali lake la tatu, imemfanya kila mzazi mwenye mwanafunzi shuleni kuwa mwanachama, bila ya kiingilio wala barua ya maombi. Lililobaki katika hiari yake ni kuhudhuria au kutohudhuria, na hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chama hiki hakikuundwa kwa ajili ya kupika chai ya siku ya wazazi. Kila darasa hutoa mwakilishi katika kamati ya utendaji, walimu wawili huketi nao, na mwenyekiti pamoja na wajumbe wawili huingizwa katika Bodi ya Usimamizi, yenye dhamana ya fedha za shule. Kamati hiyo yaweza kusimamia miradi kwa niaba ya wazazi wote, na chama kina idhini ya kuangalia lishe na afya ya wanafunzi na, zaidi ya yote, kupendekeza michango itakayotozwa. Tangu mwaka 2003, serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, mchango umekuwa ndio mlango ambao gharama hurejea kwa mzazi: leo chakula cha mchana, kesho mlinzi, kesho kutwa ujira wa mwalimu asiyeajiriwa na serikali.

Na mchango huzaliwa hivi. Barua huja imekunjwa mkobani mwa mtoto, nayo yaitisha mkutano asubuhi ya siku ya kazi. Waliofika hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, husomewa matokeo ya mitihani kwa kirefu, na jua linapokuwa kali mwenyekiti huuliza ni nani wanaoafiki mchango wa madawati. Mikono hunyoshwa, mmoja hupendekeza, mwingine huunga mkono, na jioni ile mama aliyekuwa zamu katika kiwanda cha nguo cha Athi River, au baba aliyeondoka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, hupelekewa deni la azimio asilolisikia.

Lau wangekuwapo wenye kuijua sheria, wangeuliza maswali mengine. Azimio la wazazi ni pendekezo tu: shule ya umma haina ruhusa ya kutoza malipo yoyote ya ziada bila ya idhini ya Waziri wa Elimu, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, hata idhini ikipatikana, hapana mtoto awezaye kuzuiwa kuingia darasani kwa sababu mchango haujalipwa, na hapana mtu mwenye haki ya kupokea fedha hizo pasipo kutoa risiti rasmi. Masharti haya matatu yangeondoa manung'uniko mengi, lakini sharti halijitetei lenyewe.

Wako wasemao kwamba mzazi mwenye kuuliza humponza mtoto wake, na hofu hiyo siidharau, maana mzazi mmoja aliyesimama peke yake hujulikana kwa jina kabla ya kuketi. Tena huku hata kujuana ni kugumu: Kaunti ya Kajiado, ulimo mji wa Kitengela, ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na kufikia 2019 walikuwa 1,117,840. Wengi wa wageni waliohamia ni wapangaji wasiojuana, ingawa watoto wao huketi dawati moja. Lakini mwakilishi wa darasa aliyechaguliwa na wengi huuliza kwa niaba ya wote, na swali lake huwa la darasa zima.

Mbali na barabara ya Namanga, kwenye nyanda za wafugaji, kikwazo ni kingine. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 uliwapeleka akina baba mbali pamoja na mifugo yao, na akina mama waliobaki bomani huitwa kwenye mkutano uendeshwao kwa Kiswahili na Kiingereza bila ya mkalimani wa Kimaasai. Nalisikitikia sana jambo hili, kwa kuwa Wamaasai ni watu wa mashauri, ambao mzee wao husimama na rungu mkononi akasikilizwa hadi mwisho. Na ni akina mama hao ndio wajuao mapema ni msichana yupi hakurejea shuleni baada ya likizo, na ni nini kinachopangwa juu yake.

Basi mzazi na aende, na kabla ya kuulizia madawati aulizie saa ya mkutano. Hiyo huwekwa na watu, na watu waweza kuibadili: Jumapili alasiri, baada ya ibada, Kitengela iko nyumbani. Hoja hiyo yaweza kutolewa na mzazi yeyote mwishoni mwa ajenda, ikaandikwa katika kumbukumbu, na nakala ikaombwa kabla ya watu kutawanyika.