Unga wa Jiwe, Vidonge na Nondo

Katika vilima vya Irangi wilayani Kondoa, ndani ya bonde la Haubi, kuna mapande meusi, mazito, yenye mikunjo ya kitu kilichotiririka kikiwa moto kisha kikaganda. Ni mavi ya chuma, masalia ya matanuru ya wahunzi wa zamani. Watafiti wa mambo ya kale, akiwamo Paul Lane aliyechapisha makala yake mwaka 2009, wameyahusisha masalia hayo na swali zito zaidi: mmomonyoko wa udongo wa Kondoa ulianza lini, na kwa nini? Ni mmomonyoko huohuo uliozaa mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, mwaka 1973, na ambao mwaka 1979 ulifanya ng'ombe waondolewe kwenye maeneo yaliyoharibika.

Kwa nini uhunzi uingie kwenye habari ya mmomonyoko? Kwa sababu ya miti. Jiwe la chuma si chuma tupu, ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na kuvitenganisha kunahitaji makaa mengi. Makaa yakiwaka tanuruni huku mivukuto ikisukuma hewa kupitia mirija ya udongo, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo ndiyo inayoipokonya oksijeni kutoka kwenye jiwe na kukiacha chuma. Joto la nyuzi 1,200 hivi halikutosha kukiyeyusha chuma chenyewe, maana chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kilichoyeyuka ni takataka, na pamoja nazo kilipotea chuma kingi. Bonge lililobaki lilifuliwa kwa nyundo mpaka likatoa jembe, shoka au kichwa cha mshale. Ilikuwa kazi ya watu wenye ujuzi mkubwa, na inastahili heshima zaidi ya inayopewa katika vitabu vyetu vya shule.

Matanuru ya leo yana urefu wa ghorofa nyingi, lakini kanuni haijabadilika: gesi lazima ipite kati ya mawe na kuligusa kila moja. Mawe yakiwa na ukubwa unaofaa, gesi inapanda bila shida. Ukimimina unga badala ya mawe, mambo yanaharibika. Sehemu moja ya unga inapeperushwa na upepo wa tanuru, sehemu nyingine inashindiliana na kuziba njia.

Bahati mbaya ni kwamba unga ndio unaozidi kupatikana. Mawe yenye chuma kingi, ya kuchimbwa na kupelekwa moja kwa moja tanuruni, yanapungua duniani. Miamba mingi iliyobaki ina chuma kilichotawanyika katika chembe ndogo ndani ya mawe mengine, kwa hiyo inabidi isagwe mpaka iwe laini kama vumbi ndipo sumaku au maji yenye dawa vitenge chuma na mchanga. Mwisho wa kazi hiyo mchimbaji anabaki na unga mweusi, safi, wenye chuma cha kutosha, lakini ambao hawezi kuutia tanuruni.

Hapo ndipo vidonge vinapoingia. Unga huloweshwa maji kidogo na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi uitwao bentonaiti, kiasi kisichozidi sana asilimia 1, kisha humiminwa kwenye sahani kubwa ya chuma iliyoinamishwa na inayozunguka. Mama anayenyunyizia maji unga ulio kwenye ungo huku akiuzungusha anakijua kinachofuata: chembe zinashikana, zinajiviringisha, zinanenepa. Kidonge kikifikia kipenyo cha kati ya milimita 9 na 16, hutoka. Wakati huo bado ni laini, na ukikibonyeza kwa vidole kinapondeka.

Moto ndio unaokikomaza. Vidonge hupitishwa kwenye joto la nyuzi 1,250 hadi 1,350, chembe zikaungana bila kuyeyuka kabisa. Kikipoa, kidonge kizuri kimoja huhimili uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla ya kupasuka, na bado kina vitundu vidogo vinavyoiruhusu gesi kuingia hadi ndani. Kinaweza kupakiwa kwenye behewa, kumwagwa melini na kusafirishwa kuvuka bahari kikafika kizima.

Msweden A. G. Andersson alipata hataza ya wazo hili mwaka 1912, lakini lilikaa bila kupata kiwanda kikubwa mpaka Wamarekani wa jimbo la Minnesota walipoanza kuishiwa mawe yao mazuri. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Edward W. Davis, alikuwa ameshughulikia kwa miongo kadhaa mwamba mgumu wa huko ambao wengi waliuona hauna faida. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda cha Silver Bay, kando ya Ziwa Superior, kilianza kutoa vidonge kwa wingi.

Mfano mmoja usio mbali sana nasi uko Oman. Katika bandari ya Sohar, kampuni ya Vale huleta madini kutoka Brazili na kuyafanya vidonge, tani milioni 9 kwa mwaka kiwanda kikifanya kazi kwa uwezo wake kamili. Oman ina gesi asilia, na gesi inaweza kufanya kazi ya makaa: hupitishwa kwenye vidonge vilivyopashwa moto, ikaondoa oksijeni bila chuma kuyeyuka, kisha chuma hicho kikamaliziwa kwenye tanuru la umeme. Njia hiyo inahitaji vidonge bora, kwa kuwa takataka zilizomo hazina mahali pa kutokea mapema.

Tanzania ina gesi, na ina Liganga. Mlima huo wilayani Ludewa, mkoani Njombe, unakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za madini ya chuma, na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayako mbali. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuchimba vyote viwili. Zaidi ya muongo umepita. Fundi wa Kondoa anayechomelea geti au kupanga nondo za msingi wa nyumba bado anatumia chuma kilichoyeyushwa kutoka vyuma chakavu au kilichoingia kwa meli, na nauli ya lori kutoka Dar es Salaam imo ndani ya bei.

Mazungumzo kuhusu Liganga huishia kwenye fedha na mikataba, ilhali jiwe lenyewe lina ugumu wake. Limechanganyika na titani na vanadi. Vanadi ni mali, maana kiasi kidogo tu huongeza nguvu ya nondo na reli. Titani katika tanuru la kawaida huyafanya mavi ya chuma kuwa mazito, yasitoke kwa urahisi. Panzhihua, katika jimbo la Sichuan, wamekuwa wakiyeyusha madini ya aina hiyo tangu mwaka 1970 kwa matanuru makubwa yanayoendeshwa kwa uangalifu wa pekee. Kampuni ya Highveld ya Afrika Kusini ilipita njia nyingine: iliondoa sehemu ya oksijeni kwanza kwenye matanuru yanayozunguka, kwa makaa ya mawe, ndipo ikayeyusha kwa umeme. Kuamua njia ipi inaifaa Ludewa kunaanzia maabara, kwa kusaga jiwe la Liganga, kulifanya vidonge, kuvichoma na kuvipima kwa makaa ya Mchuchuma na kwa gesi ya Mtwara.